Rangi ya Waridi Juu ya Hamburg

Mume wangu Anselme alikuwa na sentensi moja aliyoipenda kuliko supu: "Hamburg haikutekwa na mtu." Aliisema kwenye duka la mvinyo, aliisema kwa kinyozi, na aliisema kanisani siku ya ubatizo wa mjukuu wetu wakati padri anatafuta chumvi ya kubatizia. Askari wenzake walikuwa na ushindi wao wa Austerlitz, wengine walikuwa na theluji ya Urusi na vidole vya miguu walivyoviacha kule. Yeye alikuwa na Hamburg, mji wa mvua na samaki wa chumvi, ambako jeshi la Warusi liliwazingira kwa miezi sita, wasitoke mpaka Kaisari Napoleon mwenyewe alipokuwa ameshapelekwa uhamishoni kisiwani.

"Kila mji ulianguka," alikuwa akisema, huku amenyoosha kidole kana kwamba tumembishia. "Paris yenu hii ilianguka, tena kwa siku moja. Sisi tulikaa. Haya, nionyesheni mtu aliyeichukua Hamburg."

Wenzake walikunywa mvinyo wao, na mimi nikatazama viatu vyangu. Mtu huyo alikuwapo, na ndiye aliyekuwa akimpikia supu kila jioni.

Mimi ni mpakaji rangi wa ramani, au nilikuwa, kabla macho hayajaanza kunidanganya. Nilipofika miaka kumi na tano mama alinipeleka kwa Bwana Chauvelot, mchapaji wa mtaa wa Saint-Jacques. Ramani zilitoka kwenye mtambo wa chini zikiwa mistari mitupu ya wino mweusi, nasi wanawake sita wa ghorofa ya tatu, kwenye madirisha makubwa, tulizipaka rangi kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Kila mmoja alikuwa na rangi yake, na karatasi ilizunguka meza mpaka dunia ikamilike. Ursule alikuwa na kijani cha Uholanzi. Mama Blandine, mkubwa wetu, alikuwa na njano ya Austria, na hakuruhusu mtu yeyote aguse kikombe chake cha rangi hata kukisafisha. Mimi niliyekuwa mdogo na mgeni nilipewa waridi ya Ufaransa. Walisema ni kazi nyepesi, kwa sababu Ufaransa ni nchi moja na haihami.

Hapo ndipo walipokosea. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mwaka ule ule nilioingia kazini Kaisari Napoleon alikuwa ndiyo kwanza amelamba kidole. Bwana Chauvelot alikuwa akipanda ngazi anahema, gazeti mkononi, tumbo likitangulia, na kabla hajafika juu alikuwa ameshaanza kuita.

"Apolline, mwanangu, changanya waridi. Genoa ni yetu."

"Yote?"

"Yote, na milima yake."

Baadaye ikawa Toscana. Baadaye Roma, na siku hiyo Mama Blandine aliweka brashi chini akajipiga ishara ya msalaba, kwa sababu kumpaka Baba Mtakatifu rangi ya waridi aliona si jambo la kawaida. Baadaye Uholanzi ikamezwa nzima, na Ursule akalia tangu asubuhi mpaka mchana.

"Kumbe unawapenda Waholanzi namna hii?" Mama Blandine alimwuliza.

"Waholanzi nawajulia wapi mimi? Nalilia kijani changu."

Walimpa waridi kama yangu. Kufikia mwaka wa 1811, pwani yote ya kaskazini hadi Hamburg na mbele yake ilipofanywa kuwa mikoa yetu, ufalme ulikuwa na mikoa mia moja na thelathini, na wanne kati yetu sita tulikuwa tunapaka rangi ile ile.

Siku hizi kila mzee hujifanya alijua tangu mwanzo kwamba mambo yataharibika. Mimi sikujua, na nasema bila aibu: nilifurahi. Mimi niliyekuwa sijavuka hata lango la mji upande wa kusini, nilikuwa nazamisha brashi, navuta pumzi, na mkono wangu unatoka Brest ya magharibi unakwenda mpaka mto Elbe wa Hamburg bila kuinuka. Ulihitaji mkono mwepesi na maji mengi, maana waridi ikikauka katikati ya njia inaacha kovu. Tulikuwa tukiimba. Majira ya joto tulifungua madirisha, na muuza matunda akatupandishia cheri ndani ya kikapu kilichofungwa kamba. Kahawa ilikuwa mizizi ya chikori iliyochomwa, kwa sababu meli za Waingereza zilizuia ile ya kweli, na zilizuia pia wadudu wekundu wa Amerika tuliokuwa tukiwasaga kupata rangi. Basi Ufaransa ilivyozidi kunenepa ndivyo waridi yake ilivyozidi kutengenezwa kwa mizizi ya mmea wa Avignon, na kuwa mbovu. Hata hivyo sijawahi kunywa kahawa tamu kama ile chikori. Nikipita mtaa ule sasa, ambao wameubomoa nusu ili kupitisha barabara pana ya Kaisari mpya, natafuta madirisha yetu angani.

Kuna mambo mawili ya karakana yetu ambayo lazima niyaseme, maana yote yaliyofuata yalitoka hapo.

La kwanza ni ramani mama. Ilikuwa karatasi moja iliyotundikwa ukutani, iliyopakwa kwa uangalifu kuliko zote, na zote zilinakiliwa kutoka kwake. Mwenye waridi ndiye aliyeitunza, yaani mimi. Sheria ilikuwa kwamba hubishani na ramani mama. Ikisema Roma ni Ufaransa, ni Ufaransa, na Baba Mtakatifu apeleke malalamiko yake kwingine.

La pili hakuna aliyelitunga. Mwanamke mwenye mtu wake vitani ndiye aliyepaka mahali mtu huyo alipo, na mkono wa mwingine haukugusa pale. Mume wa Ursule alipokuwa Hispania, kona ya Katalonia ilikuwa ya Ursule peke yake. Asubuhi moja alikuja, akakaa, karatasi ilipomfikia akaisogeza kwangu, na mimi nikapaka Katalonia. Ndivyo tulivyojua kwamba amekuwa mjane. Saa ya chakula Mama Blandine akamkatia nusu ya jibini yake.

Anselme alikuwa kijana wa ghorofa ya chini, mzungusha gurudumu la mtambo, mabega kama mlango, wino hadi masikioni. Tulikuwa tumeshatangaziwa ndoa kanisani mara moja, zimebaki mbili, alipoitwa kuchota namba ya jeshi. Mwanzoni mwa 1813 Kaisari alikuwa amerudi kutoka Urusi bila jeshi lake na alihitaji jingine. Anselme aliingiza mkono kwenye chombo akatoa namba kumi na nne. Namba ndogo ndizo zilizokwenda.

"Usilie," aliniambia uani, huku anajifuta wino kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yake. "Nitakwenda pale tu ulipopaka. Nikipotea nafuata rangi mpaka nyumbani."

"Na ukivuka ukatoka nje ya rangi?"

"Basi wewe nifuate na brashi. Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Mwezi wa nane barua ikaja kutoka Hamburg, kwa maandishi ya mwenzake Gervais, kwa sababu Anselme alijua kusoma lakini kuandika kulimshinda. "Niko ukingoni kabisa mwa waridi yako," ilisema. "Mkono wako ukiteleza nitaanguka baharini. Gervais anakusalimu. Anauliza kama una dada." Barua ya mwisho ilifika Novemba. Baada ya hapo Warusi waliuzunguka mji, na ikawa kimya.

Hamburg sasa ilikuwa yangu kwa haki mbili, ya rangi na ya mtu. Desemba ikapita. Januari magazeti yalizungumza juu ya vita vilivyoingia ndani ya Ufaransa yenyewe, na Hamburg haikutajwa hata mara moja, kama mji uliodondoka nyuma ya kabati. Nilianza kuwaona wenzangu wakinitazama karatasi inapofika kwangu. Walikuwa wakingoja kuona kama nitaisogeza.

Asubuhi moja Mama Blandine alikaa karibu nami.

"Binti yangu, mkono wako umechoka. Acha nikushikie pale juu siku mbili tatu."

"Mkono wangu mzima, Mama."

"Hakuna atakayekulaumu."

"Yuko hai."

"Sijasema hayupo."

"Basi niachie Hamburg yangu."

Aliniacha. Lakini kuanzia siku hiyo niliingiwa na wazimu mdogo ambao sikumwambia mtu. Kila Jumatatu, kabla wenzangu hawajapanda ngazi, nilikuwa nikichukua brashi nyembamba naongeza waridi juu ya Hamburg kwenye ramani mama. Niliamini kwamba rangi ikififia pale, na yeye atafifia. Kufikia Machi mji ulikuwa umekolea, mwekundu kama mtu aliyedondosha cheri na kuikanyaga.

Mwisho wa Machi Warusi na Waprusia waliingia Paris. Kulikuwa na mizinga siku moja, kesho yake farasi wao walikuwa wanakula magome ya miti yetu barabarani. Mara Kaisari akajiuzulu, na mfalme wa ukoo wa zamani akawa anarudi na nguo za mtindo wa babu zetu. Aliye juu mngoje chini, watu walisema, wale wale waliokuwa wakimshangilia. Bwana Chauvelot alipanda ngazi, na kwa mara ya kwanza hakuita kabla ya kufika.

"Toeni kila kitu," alisema. "Roma, Genoa, Uholanzi, Elbe, vyote. Ufaransa irudi kama ilivyokuwa zamani. Nina karatasi mia nne chini na maofisa wa Kirusi wanataka ramani za kwenda nazo kwao. Mkiacha hata kidole cha waridi nje ya mpaka, wataniita mtu wa Kaisari na watafunga mlango huu."

Kuondoa rangi ni kazi chungu kuliko kuipaka. Unalowesha kwa sifongo, unangoja, unakwangua kwa kisu kidogo, kisha unasugua kwa mkate laini mpaka karatasi itulie. Bwana Chauvelot alituletea mikate sita kwa kazi hiyo. Mitatu tuliila, maana mji ulikuwa na njaa, na Ursule alisema Roma haistahili mkate mzima.

Nilianza na ramani mama, kama ilivyo sheria. Nilikwangua Roma. Nilikwangua Toscana na Genoa. Uholanzi nilimwachia Ursule kwa heshima ya kijani chake, na aliikwangua huku anapiga mluzi. Halafu nikafika Hamburg, nikaweka kisu mezani, nikaosha mikono, nikaitundika ukutani.

Wenzangu waliitazama. Hapakuwa na njia ya kutoiona. Kaskazini kote kulikuwa kweupe, na pale juu, peke yake, palikuwa na doa la waridi.

"Hamburg bado?" Ursule aliuliza.

"Ramani mama inasemaje?"

"Inasema waridi."

"Basi."

Akainama, akakwangua karatasi yake yote na kuacha Hamburg. Na Mama Blandine akafanya hivyo hivyo, na wengine, bila hata mmoja kuinua macho. Ndiyo maana katika juma lile zilitoka kwetu karatasi hamsini hivi zinazoonyesha kwamba mfalme mpya wa Ufaransa anatawala Ufaransa, pamoja na mji mmoja wa Ujerumani ulioko mwendo wa siku ishirini kutoka mpakani.

Jumatatu ya mwisho wa Aprili tulisikia hatua mbili kwenye ngazi. Moja ilikuwa ya Bwana Chauvelot. Nyingine ilikuwa na mlio wa spua, vile vyuma vya visigino vya mpanda farasi.

Alikuwa ofisa wa Kirusi, mrefu, masharubu mekundu, na karatasi yetu ameikunja chini ya kwapa. Alijiita Kapteni Dolmatin. Alisema Kifaransa kizuri kuliko cha Bwana Chauvelot, ambaye wakati huo hakuwa akisema Kifaransa chochote, alikuwa akijifuta jasho tu.

"Nani amepaka hapa?" Aliitandaza karatasi mezani, akaweka kidole juu ya Hamburg.

Wanawake watano walizitazama brashi zao. Nikasimama.

"Ni makosa, Mheshimiwa," Bwana Chauvelot alisema kwa haraka. "Msichana mjinga, macho mabovu, leo hii hii namfukuza."

"Si makosa," kapteni alisema. "Nimenunua ramani nne katika mtaa huu. Tatu ni za uongo. Hii ndiyo ya kweli."

Hakuna aliyeelewa. Alitoa barua kifuani.

"Nina mdogo wangu, Fedya. Ana miaka kumi na tisa. Yuko mbele ya kuta za Hamburg tangu baridi. Kaandika siku kumi na moja zilizopita. Anasema wenu bado wamo ndani, bendera yenu ya rangi tatu bado iko juu ya mnara, na tukiwaambia kwamba Paris imeanguka wanatujibu kwa mizinga, wanadhani ni hila."

 Nilishika ukingo wa meza.

"Wako hai?"

"Wanafyatua kila asubuhi, bibie. Maiti hawafyatui."

Nilicheka, naona aibu hata leo, nilicheka mbele ya askari aliyeiteka nchi yangu, kwa sababu waridi yangu ilikuwa imefanya kazi. Miezi mitano nilikuwa nimeushikilia mji ule kwa brashi na haukudondoka. Niliwageukia wenzangu, na Mama Blandine alikuwa anatikisa kichwa na machozi yanamtoka.

Kapteni alingoja nimalize. Kisha akachukua kisu kidogo mezani, akakigeuza, akaninyooshea mpini.

"Sasa nataka uikwangue."

"Hapana."

"Una nani mle?"

"Mchumba wangu."

"Namna gani ya mtu?"

"Mzungusha mtambo wa ghorofa ya chini. Ana mabega. Hajui kuandika."

Alitabasamu kidogo. "Fedya anaandika mno. Kurasa tatu kuhusu buti zake." Halafu tabasamu likamwisha. "Sikiliza, bibie. Mchumba wako kila asubuhi anampiga risasi mdogo wangu, na mdogo wangu anampiga mchumba wako. Vita vimekwisha dunia nzima isipokuwa hapo ulipopaka. Mji huo ukiwa wenu kesho, kesho pia watapigana. Na keshokutwa."

"Mimi kuikwangua karatasi kutawafanya waache?"

"Hapana. Mimi si mtoto, wala siamini uchawi."

"Wala mimi," nilisema.

Tulikuwa waongo wote wawili, na kila aliyekuwa mle ndani alijua.

"Sikulazimishi," alisema. Aliweka kisu mezani akaenda kusimama dirishani, akatazama paa za nyumba zetu, mikono nyuma. Niliona shingo yake jinsi ilivyokonda. Miezi yote ile nilikuwa nimemfikiria Anselme yuko ndani ya ile rangi kama mtu aliye ndani ya blanketi. Sikuwahi kufikiri kwamba rangi ndiyo iliyomfungia mle, na kwamba kila Jumatatu nilikuwa natia komeo jingine mlangoni.

Nilishusha ramani mama, nikailaza mezani. Nikalowesha. Ilikuwa imepakwa mara nyingi mno, haikutaka kutoka. Nikakwangua, nikalowesha tena, nikakwangua. Kapteni alikuja akaishika pembe moja ya karatasi isiteleze, Mama Blandine akaishika nyingine. Waridi ilitoka vipande vipande ikaniingia chini ya kucha. Mtaka yote hukosa yote. Ufalme mzima, kutoka Roma mpaka bahari ya kaskazini, ulikuwa umebaki ukubwa wa ukucha, na nilikuwa nauondoa kwa mkono wangu huku nalia kwa sauti. Nililia kwa ajili ya Anselme, na nililia pia kwa ajili ya mkono wangu wa miaka ya nyuma, ule uliokuwa ukitoka Brest mpaka Elbe bila kuinuka. Sitaomba radhi kwa hilo. Ujana wangu ulikuwa wa rangi ile.

Nilipomaliza karatasi ilikuwa nyembamba pale kama ganda la kitunguu. Kapteni aliinama kidogo, kama watu wa kwao wanavyoinama, akasema, "Asante, bibie," akashuka. Karatasi yake aliyoinunua aliiacha mezani. Sikumwona tena, wala sikujua kama Fedya alizichakaza buti zake mpaka nyumbani.

Anselme alirudi Julai, kwa miguu, ndevu hadi kifuani, mabega yamebaki mifupa. Alisimama mlangoni pa karakana na neno lake la kwanza lilikuwa, "Kuna chochote cha kula?" Tulitangaziwa mara mbili zilizobaki, tukaoana. Ursule alirudishiwa kijani chake, na baada ya mwezi mmoja akaanza kulalamika kwamba kinachosha. Nami nilipaka Ufaransa ndogo kwa miaka thelathini zaidi, na mkono wangu ulikuwa ukifika mto Rhine unataka kuendelea wenyewe, ikabidi niushike.

Bwana Chauvelot alitengeneza ramani mama mpya, ile ya zamani akanipa siku ya harusi. Tuliitundika juu ya kitanda. Waridi haitoki kabisa hata ukwangue vipi. Hubaki kivuli chake. Jioni baada ya kula, Anselme alikuwa akitembeza kidole juu ya vivuli vile, Ubelgiji, Uholanzi, mto hadi mto, akihesabu mahali alipolala na mahali alipoiba kuku. Kidole kilipofika Hamburg kilikuta wembamba ule, na mwanga wa mshumaa ukipita.

"Panya," alikuwa akisema kwa hasira. "Ulaya yote hii, na panya wameona Hamburg tu. Kile kile ambacho Warusi walishindwa kukichukua."

"Panya hawana adabu," nilikuwa nikijibu.

Miaka arobaini na minne niliwasingizia panya. Ningefanya nini? Mtu aliyerudi na fahari moja tu, humnyang'anyi ili kumwonyesha kisu chako.

Mwaka huu Kaisari mpya, yule mpwa wa Napoleon, aliwapa medali ya shaba askari wote wa zamani waliobaki hai. Ya Anselme ililetwa na karani wa mtaa, ina utepe wa kijani na mwekundu, na mzee wangu aliivaa juu ya nguo ya kulalia kwa sababu alikuwa hawezi tena kushuka ngazi. Kifua chake kilikuwa kibaya tangu msimu wa baridi. Tulijua sote wawili. Asubuhi ile alimpa karani hotuba yake yote, mpaka karani akavaa kofia kwa adabu na kukimbia, kisha mzee wangu akanigeukia mimi kana kwamba ni mgeni.

"Nionyeshe mtu aliyeichukua Hamburg."

Sijui kwa nini ilikuwa siku hiyo. Labda niliona haifai aondoke na hadithi pungufu. Nilikaa kitandani nikashika mkono wake.

"Ni mimi, Anselme. Si panya."

Nilimweleza yote. Kapteni, Fedya na buti, kisu, ganda la kitunguu. Nilingoja akasirike. Nilikuwa tayari kwa hilo, hata nilikuwa nimepanga majibu. Alitazama ramani ukutani, medali ikipanda na kushuka pamoja na pumzi yake.

"Siku gani?"

"Jumatatu. Jumatatu ya mwisho ya Aprili."

Alihesabu kwa vidole vyake vinene. "Ijumaa ya juma hilo hilo ndipo tulipoteremsha bendera," alisema. "Jenerali alitukusanya uwanjani. Wengine walilia."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa natazama upande nilipozoea kumwona Gervais."

Gervais, aliyeandika barua zake. Gervais, aliyeuliza kama nina dada. Miaka yote ile alikuwa ameniambia Gervais alibaki Ujerumani, na mimi nilidhani alioa huko.

"Homa ya hospitali," Anselme alisema. "Tulimzika tarehe kumi na tisa Machi. Ardhi ilikuwa imeganda, tulichimba siku mbili." Halafu akanigeukia. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza kama mtoto anayeuliza kitu anachotaka kweli kukijua. "Apolline, mbona ulichelewa?"

Niligeukia ramani, nikaweka kidole pale palipokuwa pembamba kama ganda la kitunguu. Machi nilikuwa bado napaka.